Usipande Nyanya Masika: Bustani ya Salfeti kwa Sisi Tunaopanga Arusha

Aprili ya mwaka wangu wa kwanza kukaa Sakina nilipoteza miche 14 ya nyanya ndani ya wiki moja. Jumatatu niliona mabaka ya kahawia kwenye majani, kama yamemwagiwa maji ya moto. Alhamisi shina lilikuwa limeshaanza kuwa jeusi. Jumamosi niling'oa zote nikazitia kwenye mfuko wa taka. Iliniuma sana, kwa sababu nilikuwa nimeshaweka samadi, nimesimika miti na kufunga kamba, na kila asubuhi nilikuwa pale kabla sijaenda kazini. Baadaye bwana shamba mmoja aliniambia huo ni ukungu, ule wanaouita bakajani chelewa, na hustawi majani yakishinda na kulala yamelowa huku hewa ikiwa ya ubaridi. Yaani masika yetu kabisa. Sikukosea kumwagilia wala kutia mbolea. Nilikosea mwezi.

Tangu hapo ni miaka sita, na ningependa uanze bustani yako kwa kuyajua majira kabla hujanunua mbegu yoyote. Ushauri mwingi wa bustani unaozunguka kwenye simu zetu umeandikwa na watu wa joto. Sisi tuko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, miguuni pa Mlima Meru. Julai kuna siku jua linachungulia saa nane mchana na kurudi lilikotoka. Mchicha ambao mtu wa Dar es Salaam anauchuma wiki ya tatu au ya nne, kwangu Julai umewahi kunikalisha karibu wiki saba.

Eneo langu ni ukanda nyuma ya jiko, hatua nne kwa tisa, na mwenye nyumba hakutaka tuchimbe. Kwa hiyo kila kitu kiko kwenye salfeti za mchele, ndoo za rangi za lita 20 na beseni moja lililopasuka. Salfeti nyingi nilipewa bure dukani. Ndoo nilizisugua mpaka zikatakata na kuzitoboa chini na ubavuni. Chombo kilichowahi kubeba dawa ya wadudu usikiguse, hata ukipewa bure.

Penye udongo usibane hela. Mimi natumia madebe mawili ya udongo mweusi wa juu kwa debe moja la samadi iliyoiva, na mchanga kidogo udongo ukiwa wa kushikana. Neno la muhimu hapo ni iliyoiva. Kiroba changu cha kwanza cha samadi kilitoka zizini moja kwa moja, na miche ya sukuma wiki ikakauka ncha za majani kwa siku tatu, imeungua. Sasa nafanya hivi: nachota konzi, naibana mkononi. Ikiwa na joto au ikinuka zizi, haijafika. Iliyoiva inapondeka vidoleni na kunuka kama ardhi baada ya mvua. Ukiletewa mbichi, ilundike pembeni, ilowanishe, ifunike, igeuze kila baada ya wiki mbili, na uiache miezi miwili au mitatu.

Kulijaza salfeti kuna ufundi wake mdogo. Chukua kopo kubwa la maziwa ya unga lililokatwa chini na juu, lisimamishe katikati ya salfeti, lijaze kokoto. Zungushia udongo mpaka ufike usawa wa kopo, kisha livute juu taratibu, kokoto zibaki chini zimesimama kama nguzo. Jaza tena kokoto, zungushia tena udongo, endelea hivyo hadi karibu na mdomo. Hiyo nguzo ndiyo inayoshusha maji mpaka miche ya chini. Bila hiyo, juu kutakuwa tope na chini vumbi. Ubavuni toboa matundu ya kuingiza vidole viwili, yapishane, shubiri moja kati ya tundu na tundu. Salfeti langu moja linabeba miche 20 ya sukuma wiki ubavuni na vitunguu majani juu. Weka salfeti juu ya matofali, na uliweke mahali pake pa kudumu kabla hujajaza, maana likishajaa halibebeki. Nilipohama Ngarenaro kuja huku niliita guta kwa ajili ya ndoo, lakini salfeti ilibidi nizimwage.

Masika, Machi hadi Mei, panda vile vinavyopenda maji: mnafu, loshuu (mboga ya majani ya jamii ya haradali), majani ya maboga, matembele. Bibi mmoja wa Kimeru anayepita getini kwetu na ungo wa mboga ndiye aliyenifundisha. Nilipomwamkia siku ile, alizitazama nyanya zangu zilizokufa akasema, "Marahaba mwanangu. Mvua hii ni ya mnafu, wewe unailazimisha nini?" Kesho yake aliniletea matunda meusi ya mnafu yaliyoiva, akanionyesha kuyaponda kwenye maji, kuchuja mbegu na kuzianika kivulini. Mpaka leo sijanunua mbegu ya mnafu. Matembele nayo hayahitaji mbegu, omba vipande vya mti wake kwa jirani uvichomeke.

Juni hadi Agosti wengi huacha bustani kwa sababu ya baridi, na mimi naona huo ndio wakati mzuri kuliko yote kwa mtu anayeanza. Wadudu wamepungua, udongo haukauki haraka. Spinachi, saladi, karoti, giligilani na sukuma wiki hufurahia kabisa. Karoti zimwagie mbegu moja kwa moja kwenye beseni lenye kina, usizihamishe, na upunguze zikisongamana. Mwagilia asubuhi, kwenye shina, ili majani yasilale yamelowa.

Kiangazi cha Januari na Februari geuza: mwagilia jioni, na ufunike udongo kwa majani makavu ya migomba. Huo ndio wakati wa mchicha na ngogwe (nyanya chungu). Ndio wakati wa vidukari pia, ambao hujificha chini ya majani ya sukuma wiki. Wakiwa wachache nawaponda kwa vidole. Wakizidi, nachanganya kijiko cha chai cha sabuni ya maji kwenye lita moja ya maji, napuliza jioni chini ya majani, narudia baada ya siku tatu, na mboga naiosha vizuri kabla ya kupika.

Maji yetu huja kwa zamu, kwa hiyo nayatumia mara mbili. Ya kuoshea mchele na mboga yanakwenda kwenye salfeti. Ya kufulia yenye jiki siyapeleki kwenye mboga za majani. Chupa ya lita moja iliyotobolewa kizibo kwa sindano, ukiichomeka kichwa chini kwenye ndoo, itakufaa ukisafiri siku mbili.

Na nyanya? Sikuziacha. Nazisia mwisho wa Agosti kwenye makopo dirishani, nazihamisha zikiwa na majani manne au matano, mche mmoja kwa ndoo, ili baridi ya usiku iwe imeshapungua zikianza kukua. Machipukizi ya kwapani, yale yanayoota kati ya jani na shina, nayakata yangali madogo. Mvua za vuli zikianza, karibu Novemba, nazisogeza ndoo chini ya varanda, na hapo ndipo utaona faida ya ndoo kuliko salfeti: majani hayalowi. Kuna kantangaze pia, yule mdudu anayechora njia nyeupe kwenye majani. Kila jani lenye mchoro nalichuma siku hiyo hiyo na kulifunga kwenye mfuko. Mwaka jana ndoo nne zilitupa nyanya tangu katikati ya Desemba mpaka Februari, na Krismasi sikununua hata moja.

Ukitaka miche badala ya kusia, nenda gulio la Tengeru Jumatano au Jumamosi, ufike mapema. Geuza mche uangalie chini ya majani, na uukatae uliorefuka kama kamba, ulishakosa jua.

Asubuhi ya leo Meru umefunguka hadi kileleni, mara ya kwanza wiki hii. Makopo sita yapo dirishani, mbegu tatu kila moja, nimezifukia kina cha kucha ya kidole.