Maswali na Majibu: "Asubuhi umekula nini?" si umbea

Mama ana presha na sukari. Kliniki wamemuuliza kama nyumbani kuna chakula na anaishi na nani. Ameona amedharauliwa. Hayo yanahusu nini na dawa?

Mpe pole mama, ila alichoulizwa ni sehemu ya matibabu. Kuna mzee alitujia mara mbili ndani ya mwezi, jasho jembamba, mikono inatetemeka. Faili lilionyesha anameza glibenklamaidi, kidonge cha kushusha sukari, kama alivyoandikiwa. Nikamuuliza, mzee wangu, asubuhi umekula nini? "Chai." Ya maziwa? "Ya rangi." Na kitafunwa? Akaangalia ukutani.

Kidonge kile hushusha sukari hata kama tumbo ni tupu. Daktari akambadilishia dawa. Kuhusu chakula, ilibidi tumpigie mwenyekiti wa mtaa, na kumbe mwanawe hutuma hela kila mwezi, ila laini iko kwenye simu ya mjukuu! Hayo hakuna kipimo cha maabara kingeyaonyesha.

Mume wangu amelazwa wiki ya pili, hatuna bima, bili inapanda. Nimwone nani?

Afisa ustawi wa jamii wa hospitali hiyo, na umwone leo. Wengi humtafuta siku ya kuruhusiwa, bili ikiwa imeshafika pabaya. Nenda na barua ya serikali ya mtaa au kijiji. Atakuhoji, kisha ipimwe kama mnastahili msamaha. Wajawazito, watoto wa chini ya miaka 5 na wazee wa miaka 60 na kuendelea wasiojiweza wametajwa kwenye sera ya msamaha. Dawa za kifua kikuu na ARV ni bure, lakini nauli ya kuzifuata hutoka mfukoni kwako. Ikikushinda, sema mapema, usikatishe dozi.

Mimi ni muuguzi wa zahanati. Nikimuuliza mgonjwa shida zake halafu sina cha kumpa, si namtonesha kidonda tu?

Ndiyo, unamtonesha, ukiuliza ili kujaza fomu. Anza na daftari. Andika namba za mtendaji, afisa ustawi wa jamii, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, kamati ya zaka ya msikiti, jumuiya ya kanisa, kikundi cha kina mama. Wapigie kwanza ujue nani anatoa nini. Usiahidi TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini: kaya huingizwa kwa utaratibu wa utambuzi kijijini, si kwa barua yako. Mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri pia ni ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mgonjwa anayetaka unga wa usiku huu haimfai.

Halafu usimwambie tu "nenda ustawi." Piga simu akiwa amekaa mbele yako, umtajie jina la atakayempokea. Akirudi kliniki, muulize alipokelewaje. Kwangu nusu ya waliokwama walikwama mlangoni: ofisi imefungwa, au karani kawafokea.

Dada wa jirani huja kliniki na michubuko, mume yuko pembeni. Nimuulize?

Kamwe si mbele ya mume. Mtume mume dirisha la malipo, dada aingie chumba cha sindano peke yake. Akikubali kusaidiwa, kuna Dawati la Jinsia na Watoto polisi. Kama anayeumizwa ni mtoto, piga 116, ni bure. Akikataa, usimlazimishe, na karatasi yenye namba usimpe aende nayo nyumbani. Mpangie tarehe ya kurudi iliyo karibu.