Siyo malaria, ni nikotini ya jani bichi

Ndugu, kuna wanaosema vibarua wa tumbaku wa Chunya, kule Mbeya, wamerogwa au wana malaria. Hapana, hao wanaotapika na kuona kizunguzungu jioni baada ya kuchuma tumbaku hawajarogwa, na mara nyingi si malaria. Ni nikotini, ile sumu iliyomo kwenye tumbaku yenyewe. Jani bichi likiwa na umande au mvua, nikotini inayeyuka kwenye yale maji na kupenya ngozini, hasa ukiwa umelikumbatia furushi kifuani shati limelowa chapa. Kwa kawaida inaisha yenyewe ndani ya siku moja au mbili, ndiyo maana wengi wanameza dawa ya malaria na kudhani ndiyo iliyowaponya.

Madaktari wa Florida waliuandika ugonjwa huu mwaka 1970, na kule North Carolina umechunguzwa sana kwa vibarua wahamiaji kutoka Mexico. Nao ni kama vibarua wetu: wametoka mbali, wanalipwa kidogo, wanaogopa kukosa kazi siku moja wakakatwa ujira.

Mimi nimechuma misimu miwili. Tulitoboa mfuko wa nailoni tukauvaa kama fulana, tukasubiri umande ukauke, na shati likilowa unabadilisha na kunawa kwa sabuni. Msimamizi alinuna, lakini kutapika kulipungua.

Ila angalizo: kama mtu amepiga dawa ya wadudu, anatoka mate na jasho jingi, mboni zimesinyaa na anahema kwa shida, hiyo ni sumu nyingine. Hospitali mbio, na kopo la dawa mwende nalo. Homa ikiwepo, pimeni malaria kwanza.