Tovuti yangu ya bei za dagaa inazimika alfajiri

SWALI: Kaka, salaam. Nina tovuti ya bei za dagaa na mabondo (vibofu vya samaki) hapa soko la Mwaloni, Kirumba, Mwanza. Nilianza na wasomaji mia mbili kwa siku, sasa wanapita elfu nne. Siku za giza, zisizo na mbalamwezi, mitumbwi ikirudi na mzigo, wanunuzi hadi wa Kongo wanaingia kwa mpigo na tovuti inagoma. Vijana wawili wamefungua kampuni ndogo ya kuhosti, yaani kuhifadhi tovuti za watu kwenye seva, hapa mjini, bei nafuu. Niwape kazi?
Msomaji, Ilemela

JIBU: Mdogo wangu, kabla ya bei, nijibu hili: kikoa chako, yaani anwani ya tovuti yako, kimesajiliwa kwa jina la nani? Nilitunza tovuti ya kikundi cha akina mama miaka minne. Aliyetuhosti alikuwa amesajili kikoa chetu cha .co.tz kwa jina lake na barua pepe yake. Alipofunga biashara, simu haikupatikana tena, na sisi hatukuwa na cha kudai. Akina mama walikuwa wameshachapa anwani ile kwenye mifuko elfu tatu ya unga wa muhogo. Mpaka leo nikiuona mfuko ule dukani roho inaniuma. Sajili kwa jina lako, ikiwezekana kwa msajili mwingine kabisa. Hapo kampuni ikifa, unakielekeza kikoa kwingine na kazi inaendelea.

Udogo wa kampuni haunitishi. Nyingi hukodi nafasi kwenye seva za wakubwa, na hilo si kosa. Waulize seva iko wapi. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, intaneti ikazorota nchi kadhaa za Afrika Mashariki. Kama wasomaji wako wengi wako nchini, seva ya Dar es Salaam hailazimiki kuvuka bahari kuwafikia.

Kisha wapigie saa kumi na moja alfajiri, kabla hujalipa hata shilingi. Wateja wako ndio wanaamka saa hiyo. Fundi anayepokea simu saa nne, dagaa wameshauzwa.

Kifurushi cha "bila kikomo" usikiamini. Kikomo kipo, kwenye kumbukumbu ya seva na kwenye idadi ya mafaili. Wakutajie namba.

Ila kabla ya kuhama, washa kashe, yaani seva itunze nakala ya ukurasa ulio tayari. Sasa hivi kila anayefungua ukurasa, seva inaupika upya toka mwanzo, kama mama lishe anayebandika sufuria kwa kila sahani. Bei zako hubadilika mara moja asubuhi. Ukurasa upikwe mara moja, wote wapakuliwe humo. Huenda hilo peke yake likatosha kwa miezi kadhaa.

Bakapu (nakala ya akiba ya tovuti) weka na yako mwenyewe, nje ya seva yao, na ujaribu kuirudisha. Vijana hao walipe kwa mwezi, si kwa mwaka, mpaka mpite misimu miwili ya giza pamoja.