Mto Shinano: uende wapi, uende lini
Dada, umeuliza sehemu gani ya Shinano inafaa kwa mtu mwenye siku moja tu. Usihangaike na mto mzima, una kilomita 367, mrefu kuliko yote Japani. Nenda Okozu, mjini Tsubame, mwezi wa Aprili. Baada ya tuta la kingo za mto kubomoka vibaya mwaka 1896, walichimba mfereji wa takriban kilomita 10 unaoyapeleka maji ya mafuriko baharini kabla hayajafika uwanda wa Niigata. Ulianza kupitisha maji 1922. Kingo zake zimejaa miti ya sakura (micheri ya maua), na ikichanua inapendeza mno! Msimu wa vimbunga, hasa Septemba na Oktoba, fuatilia tahadhari: mwaka 2019 tuta lilibomoka huko juu Nagano, ambako mto unaitwa Chikuma.