Chama kisidai pesa zikishagawiwa

Wiki hii mmeuliza: je, vyama vya wafanyakazi vinamsaidia mfanyakazi, au vinarudisha uchumi nyuma? Mimi nafundisha Kiswahili katika sekondari ya serikali hapa Tororo. Jibu langu: vinasaidia, vikidai mapema na kwa sauti moja. Walimu wa Uganda tumekosa yote mawili.

Mwaka 2022 serikali ilimpandishia mwalimu wa sayansi mwenye digrii mshahara hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi. Sisi wa sanaa, wenye digrii vilevile, tukabaki na milioni 1 na kidogo. UNATU, chama chetu cha walimu, ikaitisha mgomo tarehe 15 Juni. Shuleni kwetu kengele iliendelea kulia: kipindi cha fizikia mwalimu yupo, cha historia hayupo, wanafunzi wamelalia madawati. Mgomo wa nusu shule haumtikisi mwajiri. Tulionywa kwamba asiyerudi darasani atahesabiwa ameacha kazi, na Julai tukarudi mikono mitupu. Mwezi huohuo baraza la mawaziri likaamua Kiswahili kiwe somo la lazima. Niliifurahia lugha yangu, nikawahurumia wanaoifundisha.

Isitoshe, Bunge lilikuwa limekwisha kupitisha bajeti tangu Mei. Tuligombania pesa zilizokwisha kugawiwa! Na mwaka 2025 walimu wa sanaa, safari hii chini ya chama chao wenyewe, wakagoma tena Juni.

Wanaosema nyongeza ya mshahara inaumiza uchumi waje Tororo mwisho wa mwezi. Pesa ya mwalimu hailali: inalipa deni la dukani, karo ya watoto, mkopo wa SACCO. Ikiwa haitoshi, mwalimu anafundisha asubuhi shule ya serikali, mchana anakimbilia ya binafsi, na madaftari yanakaa wiki nzima bila kusahihishwa. Hasara hiyo anaibeba mtoto wa mkulima, ambaye hana pesa za kumlipa mwalimu wa ziada.

Sekta binafsi hali ni mbaya zaidi. Kima cha chini cha mshahara ni kile cha 1984, shilingi 6,000 kwa mwezi, pesa isiyonunua leo kilo mbili za sukari. Wafanyakazi tuna wabunge watano, na mmoja wa wale wa wakati huo, Arinaitwe Rwakajara, alipeleka muswada wa kukibadilisha kima hicho. Bunge likaupitisha 2019, Rais akakataa kuutia saini. NOTU na COFTU, mashirikisho yetu mawili, yasiache jambo hilo lilale.

Kwa sheria, makadirio ya bajeti hufika Bungeni kufikia tarehe 1 Aprili. Kwa makato ya chama ninayokatwa kila mwezi, nataka dai moja la walimu wote, wa sayansi wakiwemo, lifike Wizara ya Fedha kabla ya Krismasi.