Je, 4,294,967,297 ni namba tasa?

Swali: Mwalimu, nimeigawanya 4,294,967,297 kwa kila namba tasa kuanzia 2 hadi 599, na kila mara inabaki kitu. Je, niiandike kuwa ni tasa?

Jibu: Usiiandike. Umeishia njiani, tena karibu sana na ulichokuwa unakitafuta. Ungejaribu namba tasa saba zaidi ungefika 641, na hapo baki ni sifuri:

641 × 6,700,417 = 4,294,967,297

Ukigawanya kwa mkono, huna ruhusa ya kusema “ni tasa” mpaka uifikie kipeuo cha pili cha namba yenyewe, ambacho hapa ni kama 65,536. Wewe ulikuwa hujafika hata sehemu moja ya mia.

Lakini kosa lako lina heshima yake. Namba hii ni 2³² + 1. Fermat, mwanahisabati Mfaransa wa karne ya 17, aliamini kwamba ukiinua 2 kwa kipeo ambacho chenyewe ni 1, 2, 4, 8, 16, 32 na kuendelea, kisha ukaongeza 1, utapata namba tasa daima. Tano za mwanzo zinamuunga mkono: 3, 5, 17, 257 na 65,537. Ya sita ndiyo hii yako, na mwaka 1732 mwanahisabati Mswisi Euler alionyesha kwamba 641 inaigawanya. Baadaye alithibitisha jambo ninalolipenda kuliko yote hapa: kigawo tasa chochote cha namba hii lazima kiwe kigawe cha 64 kikiongezwa 1. Ukiijua siri hiyo huhangaiki na mamia ya namba. Unajaribu 193, 257, 449, 577, halafu 641. Majaribio matano!

Basi iandike hivi: ni witiri, si tasa, ni zao la namba tasa mbili tofauti (6,700,417 nayo ni tasa), na ina vigawo vinne tu. Ukiiacha yenyewe, vigawo vilivyobaki vinajumlika kuwa 6,701,059, kiasi kidogo mno mbele yake.

Kuna ushahidi mwingine usiohitaji kugawanya kabisa. Namba tasa witiri ikiwa ni jumla ya vipeo viwili vya pili, huwa hivyo kwa njia moja tu. Hii ina mbili: 65,536² + 1², na 62,264² + 20,449². Zihesabu mwenyewe uone.

Ukija kutumia kompyuta, jihadhari na kipimo cha Fermat kwa msingi wa 2: unainua 2 kwa namba inayopimwa ukitoa 1, unagawanya kwa namba hiyo, na ikiwa ni tasa (isipokuwa 2 yenyewe) baki huwa 1. Namba hii inakipita kana kwamba ni tasa: 2 ikiinuliwa kwa 4,294,967,296 kisha ikagawanywa kwa 4,294,967,297, baki ni 1. Weka 3 mahali pa 2, na baki inakuwa 3,029,026,160, si 1, kwa hiyo namba si tasa.