Unataka Chuo Kikuu cha Kenyatta, mzee anataka Chuo Kikuu cha Nairobi

Pole, mdogo wangu. Hulali, mzee amekazana na chuo chake, na KUCCPS (shirika linalowapangia wanafunzi vyuo Kenya) inafunga maombi wiki ijayo. Anza na kozi, chuo kitafuata. Linganisha alama zako za klasta (zinazokokotolewa kutoka matokeo yako ya mtihani kwa kila kundi la kozi) na alama ya chini kabisa iliyokubaliwa mwaka jana kwa kozi hiyo, chuo kwa chuo. Mara nyingi ubishi wa nyumbani huishia hapo.

Kisha panda matatu ukajionee: cha Nairobi kiko University Way, cha Kenyatta kiko Thika Road. Zungumza na wanafunzi wa mwaka wa pili, si watu wa ofisi ya udahili (hao kazi yao ni kukisifia chuo). Waulize hosteli zikoje, na kama wahadhiri hufika darasani.

Mzee mwandikie karo, nauli na kodi ya chumba kwenye karatasi moja. Wazazi wetu hubishana na ndoto, hesabu huisikiliza.

Tena, ukishapangiwa, KUCCPS hufungua nafasi ya kuomba uhamisho. Usiku toka kwenye lile kundi la WhatsApp la wanafunzi wenzako, linakutia hofu bure. Usingizi ukiendelea kupotea hata baada ya kutuma maombi, mwone mwalimu wa ushauri nasaha wa shule yako ya zamani.